Jinsi ya Kuandaa Mpango wa Data za Utafiti: Mwongozo Kamili kwa Watafiti wa Unguja na Pemba

"Data zitahifadhiwa mahali salama na zitatumika kwa ajili ya utafiti tu." Ukiandika sentensi hii kwenye andiko lako, tarajia kurudishiwa. Mahali gani? Salama dhidi ya nani? Neno la siri analijua nani, na ukishahitimu data zinabaki mikononi mwa nani?

Mpango wa data ni sehemu ya andiko inayoeleza data zitakusanywa, zitatunzwa, zitatolewa na zitafutwa vipi. Wengi huuandika mwisho, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, kwa kunakili aya kutoka andiko la mwenzao. Matokeo yake fomu ya ridhaa inaahidi jambo moja, mpango unasema jingine, na mfadhili anataka la tatu. Mwongozo huu unakwenda hatua kwa hatua ili kila sentensi ya mpango wako itaje mtu, mahali na tarehe.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho: utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu kipato cha wanawake wanaolima mwani na kuchokoa pweza katika visiwa vidogo vya Pemba. Una madodoso 200 na mahojiano marefu 40.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Andiko la utafiti, dodoso na rasimu ya fomu ya ridhaa. Vyote vitatu viwe mezani kwa pamoja.
- Masharti ya kamati ya maadili inayokuhusu. Utafiti wa afya Zanzibar unapita kwenye kamati ya maadili ya utafiti wa afya, ZAHREC. Mwingine anzia kwenye kamati ya chuo chako.
- Kibali cha utafiti cha Serikali na barua za kwenda wilayani na kwa masheha, au angalau tarehe unayotarajia kuvipata.
- Kiolezo cha mpango. Kama mfadhili hakukupa, tovuti za DMPTool na DMPonline zina violezo vinavyosomeka bure. Chukua maswali yao, majibu yawe yako.
- Diski mbili za nje, powabenki na mfuko usioingia maji.
- Programu za bure: KoboToolbox au ODK ya kukusanyia data kwa simu, na VeraCrypt au 7-Zip ya kufunga mafaili kwa neno la siri.
- Nusu siku ya msimamizi wako. Hiki ndicho kigumu kukipata kuliko vyote, kwa hiyo kiombe mapema.

## Hatua ya 1: Orodhesha kila kitu kitakachoingia mkononi

Usiandike "data za ubora na za idadi" ukaishia hapo. Chora jedwali na uandike kila aina katika mstari wake: madodoso ya kwenye simu, sauti za mahojiano, maandishi ya mahojiano, picha, alama za GPS, daftari la uwandani, fomu za ridhaa zenye saini, orodha ya namba za simu za wahojiwa. Ongeza na zile ambazo watu huzisahau: ujumbe wa sauti ambao wasaidizi wako watakutumia kwa WhatsApp, na data ulizopewa na ofisi nyingine. Kama umepata takwimu kutoka Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, soma masharti uliyopewa nazo. Kupewa ruhusa ya kutumia si kupewa ruhusa ya kusambaza.

Kwa kila mstari jaza mambo matatu: inakusanywa kwa chombo gani, ina jina au sura ya mtu, na itakuwa na ukubwa gani. Ukubwa unapigiwa hesabu, haukisiwi. Saa moja ya sauti iliyobanwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde ni takriban MB 58. Saa hiyohiyo kwa WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya ubora wa CD ni takriban MB 635. Mahojiano 40 ya saa moja moja yatakuwa GB 2.3 kwa njia ya kwanza na zaidi ya GB 25 kwa njia ya pili. Ukiwa Micheweni unapandisha mafaili kwa bando la simu, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama nakala yako itafika au haitafika.

Hatua hii imekamilika pale msimamizi anapolitazama jedwali na kukosa kitu cha kuongeza.

## Hatua ya 2: Andika ridhaa huku mpango ukiwa pembeni

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika, na huvunjika kimyakimya.

Fomu nyingi za zamani zina ahadi hii: "Taarifa zako zitaharibiwa mara baada ya utafiti na hakuna mtu mwingine atakayeziona." Inasikika kama heshima. Lakini ukishaitoa huwezi tena kuweka data kwenye hazina ya chuo, yaani ghala la kidijitali la kuhifadhi data za utafiti, huwezi kumpa mwenzako azihakiki, na mfadhili anayetaka data zibaki miaka kadhaa utamjibu nini? Ahadi uliyompa mtu mbele ya mlango wake ndiyo inayotawala, mpango hauwezi kuifuta.

Tenganisha maswali matatu, kila moja na jibu lake: kushiriki, kurekodiwa sauti, na data zilizoondolewa majina kuhifadhiwa ili watafiti wengine wazitumie. Mtu anaweza kukubali mawili na kukataa la tatu, na kolamu ya jibu hilo iwemo kwenye data zako tangu siku ya kwanza.

Maneno yawe ya kusemeka. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Nikishamaliza kazi, nitaondoa jina lako na la kijiji chako, halafu maandishi ya mazungumzo yetu yatawekwa kwenye hazina ya chuo ili wanafunzi na watafiti wengine waje wayasome. Sauti yako sitaitoa kwa mtu. Hilo unalikubali, unalikataa, au unataka kwanza kulifikiria? Ukilikataa, mazungumzo yetu yanaendelea vilevile."

Tahadhari mbili. Barua ya sheha inakuruhusu kuingia katika shehia, haimkubalii mtu kwa niaba yake. Vivyo hivyo kwa mume: adabu ya kubisha hodi na kumwamkia mwenye nyumba ibaki, lakini jibu linaloandikwa ni la mwanamke mwenyewe. Na kama sheha au mjumbe wake amekusindikiza, mshukuru, kisha umuombe akusubiri mbali kidogo. Swali la kipato au la uvuvi halijibiwi sawasawa mbele ya kiongozi.

Kwa asiyesoma, andaa sehemu ya dole gumba na ya shahidi. Ridhaa ya kutamka iliyorekodiwa nayo hukubalika kwa kamati nyingi, ila uiombe kwenye andiko kabla ya kwenda uwandani.

## Hatua ya 3: Ficha utambulisho kwa kipimo cha kisiwa

Vitabu vya mbinu za utafiti husema ondoa jina, namba ya simu na anwani. Kwa mji wa mamilioni ya watu huenda ikatosha. Kwa sensa ya 2022 Zanzibar nzima ilikuwa na watu 1,889,773, na visiwa vidogo vya pembezoni mwa Pemba kila mtu anamjua mwenziwe kwa baba na babu.

Chukua mstari huu wa dodoso: mwanamke, miaka 58, mjane, katibu wa kikundi cha mwani, Kisiwa Panza, ana mtoto Oman. Jina halimo. Mpelekee mtu yeyote wa hapo na atakuambia ni bibi fulani, pengine atakuonyesha na nyumba yake. Kilichomtaja ni mchanganyiko wa mambo madogo madogo.

Kwa hiyo andika kwenye mpango utafanya nini hasa:

- Umri uwe wa makundi, kwa mfano 50–59.
- Shehia ibadilishwe kuwa wilaya katika nakala itakayotolewa nje. Shehia halisi ibaki kwenye nakala iliyofungwa.
- Cheo katika kikundi kiandikwe "kiongozi" au "mwanachama" tu.
- Mchanganyiko wowote unaobakisha watu wasiofika watano uunganishwe na kundi jingine.
- Jina la mtu wa tatu aliyetajwa ndani ya mahojiano lifutwe pia. Yeye hakuombwa ridhaa kabisa.

Sauti haifichiki. Mtu hutambulika kwa lafudhi na hata kwa kicheko chake. Mimi naona sauti zisitolewe nje kabisa isipokuwa kama utafiti ni wa lugha na mhojiwa amekubali waziwazi. Toa maandishi tu.

Picha za simu hubeba ndani yake mahali zilipopigwa. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera kabla ya kwenda, au futa taarifa hiyo kabla ya kumpa mtu faili. Alama za GPS zipunguziwe desimali: desimali tatu za digrii bado zinaonyesha eneo la mita 110 hivi, yaani kundi dogo la nyumba, desimali mbili ni kilomita 1.1.

Kuna siri nyingine isiyo ya mtu mmoja. Mwamba wenye pweza wengi, mahali kasa wanapotaga, mzimu wa kijiji: haya ni ya jamii. Ukiyachapisha kwenye ramani, wavuvi wa mbali watafika kabla tasnifu yako haijajalidiwa. Wanajamii waulizwe pia, kupitia kamati yao ya uvuvi au kikundi chao, ni ramani gani wanakubali itoke. Andika jibu lao na tarehe.

Jaribio la kujipima: mpe mtu mzaliwa wa eneo hilo, aliyemo kwenye timu yako na aliyekula kiapo cha siri, mistari kumi ya data zilizosafishwa. Akimtambua hata mmoja, rudi nyuma.

## Hatua ya 4: Tunga kamusi ya data kabla ya dodoso kwenda kwenye simu

Kamusi ya data ni jedwali linaloeleza kila kolamu: jina lake, maana yake, kipimo chake, majibu yanayokubalika, na kinachoandikwa pale jibu linapokosekana. Wengi huitunga baada ya miezi sita, wakijaribu kukumbuka "q14b" ilikuwa nini. Itunge sasa, kwa sababu kwetu kuna mitego ambayo violezo vya nje havitakuonya.

Saa. Mhojiwa akisema "natoka pwani saa nne", ni saa 10:00. Msaidizi mmoja ataandika 4:00, mwingine 10:00, na wote wawili wataona wameandika sawa. Amua moja: fomu iandike saa kama ilivyotamkwa pamoja na asubuhi, mchana au usiku, na hesabu ya kubadilisha ifanywe na kompyuta baadaye. Usimwachie mtu abadilishe kichwani juani.

Siku. Kwa wazee wengi siku huanza magharibi. "Usiku wa Ijumaa" kwao ni ule ambao kalenda ya ukutani inauita Alhamisi usiku. Kwa utafiti wa uvuvi wa usiku, kosa hili linahamisha safari nzima ya baharini. Uliza tena: "yaani usiku wa kuamkia lini?"

Mwezi. Mama atakuambia mtoto alizaliwa Mfunguo Sita. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko wa miladi, kwa hiyo Mfunguo Sita wa mwaka huu hauangukii tarehe za Mfunguo Sita wa miaka minane iliyopita. Weka kolamu mbili: alivyosema, na tarehe uliyoigeuza. Hali kadhalika kwa bamvua na maji mafu, au kaskazi na kusi. Andika neno lenyewe kwanza.

Kipimo. "Magunia matatu ya mwani" hayana maana mpaka ijulikane ni mbichi au mkavu, na ni gunia la ukubwa gani. Mwani ukikauka hubaki sehemu ndogo tu ya uzito wake. Mtungo wa samaki, kikapu, pishi: pima mifano michache kwa mizani katika kila kijiji na uweke wastani wake kwenye kamusi.

Aina. Wakulima hutaja spinosamu na kotonii. Kwenye kamusi andika pia majina ya kisayansi, Eucheuma denticulatum na Kappaphycus alvarezii, ili msomaji wa nje asikisie.

Tarehe na namba. Andika 2026-03-14, mwaka mwanzo. Ukiandika 03/04, Excel itachagua yenyewe kama ni Machi au Aprili. Na namba ya simu inayoanza na 0 ikiingia Excel kama tarakimu, sufuri ya mbele inapotea. Kolamu hiyo iwe ya maandishi.

Kwa mahojiano, amua pia namna ya kunukuu, yaani kugeuza sauti kuwa maandishi. Je, maneno ya Kipemba yatabaki yalivyotamkwa au yatageuzwa Kiswahili sanifu? Ushauri wangu yabaki, na maana iwekwe pembeni. Ukishasanifisha huwezi kurudisha.

Mpe mwanafunzi wa idara nyingine kamusi na mistari mitano ya majaribio. Akiweza kukueleza kila kolamu bila kukupigia simu, imekamilika.

## Hatua ya 5: Majina ya mafaili

Fupi hii. Muundo mmoja kwa wote: tarehe, wilaya, namba ya mhojiwa, aina. Mfano: 2026-03-14_MKOANI_M07_sauti.m4a. Bila nafasi, bila jina la mtu. Folda tatu: 01_ghafi, 02_safi, 03_uchambuzi. Faili likishaingia kwenye ghafi haliguswi tena, kila marekebisho yanafanywa kwenye nakala. Faili liitwalo "MPYA KABISA mwisho2" lisionekane kwenye mradi wako.

## Hatua ya 6: Hifadhi, nakala rudufu na safari ya boti

Kanuni ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja iwe mbali na nyingine. Kwa mfano wetu: kompyuta ya mtafiti, diski ya nje iliyofungwa kwa VeraCrypt, na hifadhi ya mtandaoni ya akaunti ya chuo. Si akaunti yako binafsi ambayo nywila yake anaijua na mdogo wako.

Sababu tunazo hapahapa. Unguja ilikaa takriban mwezi mzima bila umeme wa gridi mwaka 2008, na takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, baada ya hitilafu katika njia inayoleta umeme kutoka Bara. Ongeza unyevu wa masika, chumvi ya pwani na kuvuka bahari. Ukirudi kutoka Mkoani, kompyuta na diski zisipande boti moja ndani ya begi moja. Diski abebe mwenzako wa safari nyingine, au pandisha mafaili mtandaoni kabla hujaondoka.

Uwandani, ratiba iwe ya kila jioni: simu zote zinatuma fomu, sauti zinahamishiwa kwenye kompyuta, msaidizi anahesabu mafaili na kuandika idadi kwenye daftari, kisha sauti zinafutwa kwenye simu. Simu ikiibiwa kesho, haina mtu ndani yake.

WhatsApp isiwe njia ya kutuma mahojiano. Faili linabaki kwenye simu ya mtumaji, ya mpokeaji, na pengine kwenye bakapu ya simu zote mbili, na hakuna atakayekumbuka kulifuta.

Onyo kubwa: KoboToolbox inakuruhusu kufunga fomu kwa jozi ya funguo za kidijitali: mmoja wa kufungia, mwingine wa siri wa kufungulia. Ni jambo zuri kwa data nyeti, lakini ukipoteza ufunguo wa siri data hizo hazifunguki tena, hata na wenye seva. Ufunguo uwe na nakala kwa msimamizi, ndani ya bahasha iliyofungwa.

Kisha fanya ambalo wengi hawalifanyi: jaribu kurudisha. Chukua kompyuta nyingine, fungua diski, fungua faili moja la sauti na moja la dodoso. Bakapu ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu.

## Hatua ya 7: Watu, sheria na mshirika wa nje

Andika kwa cheo nani anakusanya, nani anaona majina, nani anasafisha na nani anapokea kila kitu siku utakapohitimu. Orodha inayounganisha namba ya mhojiwa na jina lake ihifadhiwe peke yake, mbali na data, na watu wasizidi wawili wanaoifikia. Fomu za ridhaa zenye saini zinakaa kwenye kabati lenye kufuli chuoni. Nyumbani si mahali pake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Kwa Zanzibar utekelezaji wake unahusu mambo ya Muungano, kwa hiyo muulize mwanasheria wa chuo jinsi inavyougusa mradi wako, na uandike jibu lake ndani ya mpango. Hasa kama data zitavuka mipaka.

Ukiwa na mshirika wa Ulaya au Marekani, makubaliano ya maandishi yatangulie ukusanyaji. Yaseme nakala kamili inabaki Zanzibar, nani anaruhusiwa kuchapisha nini, na majina ya waliokusanya yataonekana wapi. Baada ya data kuondoka, mazungumzo hayo huwa magumu sana.

## Hatua ya 8: Gharama

Diski, bando, muda wa kunukuu mahojiano, kuchapisha fomu, nauli ya kurudisha matokeo. Kunukuu ndiko kunakomeza: saa moja ya sauti yaweza kuchukua siku nzima ya mtu. Kusipowekwa kwenye bajeti, sauti zitabaki sauti.

## Hatua ya 9: Baada ya tasnifu

Taja hazina utakayoweka data. Kama chuo chako kina hazina, anza hapo. Zenodo, inayoendeshwa na CERN, haina malipo, hupokea hadi GB 50 kwa seti moja kwa kawaida, na hutoa kitambulisho cha kudumu cha DOI ambacho wenzako watakitumia kukunukuu. Unaweza kuweka maelezo wazi na mafaili yenyewe yakafungwa, mtu akiyataka anaomba. Kwa data za jamii ndogo, nashauri uanze na kufunga. Kilichofungwa kinafunguliwa, lakini kilichokwisha pakuliwa hakirudi.

Majedwali yawe CSV, yaani faili la maandishi matupu linalofunguka kwa programu nyingi, na maandishi yawe ya kawaida. Weka faili liitwalo SOMA_KWANZA.txt lenye nani alikusanya, wapi, lini, kwa fomu ipi, nini kilifichwa na kwa nini. Kamusi ya data iende nalo.

Matokeo yarudi kwa waliohojiwa: karatasi moja ya Kiswahili kwa sheha na kwa kikundi, na kikao kifupi wakati wa maji mafu, siku ambazo wanawake hawako pwani. Tarehe yake iwe kwenye mpango, si kwenye shukrani za tasnifu.

Mwisho ni kufuta. Orodha ya majina na sauti vina tarehe ya mwisho iliyokubaliwa na kamati ya maadili. Kulipeleka faili kwenye kapu la takataka la kompyuta si kulifuta. Kwa diski iliyofungwa kwa VeraCrypt, futa chombo kizima na uharibu kila nakala ya neno lake la siri. Fomu za karatasi zipite kwenye mashine ya kukatia au zichomwe mbele ya shahidi. Wewe na shahidi mtie saini karatasi inayosema nini kimefutwa na lini, na nakala yake iende kwa kamati.